Katikati Hakuna Mtu

Leo Jumatatu, 29 Septemba 2025, asubuhi nimenunua vitumbua vitatu pale Mwanga, hapa Kigoma, mama akanifungia vinne. Nikamshukuru, nikamwombea na heri. "Usinishukuru baba," akasema huku anakunja gazeti, "hivyo vitatu ni vya Brentford. Hicho kimoja ndicho chenu." Mama huyu hajui kuotea ni nini. Lakini matokeo ya Jumamosi anayo, Brentford tatu, Man U yetu moja, na penalti aliyokosa nahodha wetu Bruno anayo pia.

Nimekula vyote vinne.

Maisha yetu sisi wa Man U mnayajua. Tangu mzee Ferguson astaafu 2013 tumekuwa watoto wa baba wa kambo, tukianza kumzoea huyu analetwa mwingine. Msimu uliopita tumemaliza wa 15 na pointi 42. Fainali ya Europa kule Bilbao tukafungwa na Tottenham, ambao kwenye ligi walikuwa wa 17, yaani chini yetu! Nikavumilia. Agosti likaja la Grimsby, timu ya daraja la nne, penalti 12 kwa 11, usiku wa manane, banda umiza limejaa mbu na mashabiki wa Arsenal. Kwenye skrini kocha wetu Amorim amejikunyata benchi, anasogeza vidude vya ubaoni kama mzee anayecheza bao na kete zimemwishia. Na tangu wavuvi wa Kibirizi wasikie Grimsby ni mji wa wavuvi, siwezi tena kushuka mwaloni. "Mzee, karibu migebuka, ya Grimsby hii!"

Sawa. Hayo nimeyazoea. La kinyozi ndilo sijalizoea.

Jana Jumapili mimi nilikuwa mshenga. Mpwa wangu anaoa Ujiji, barua ilishapelekwa, tunakwenda kusikiliza majibu na kutajiwa mahari. Kanzu nimeipiga pasi tangu Ijumaa. Nikasema nipite kwanza nikanyoe, maana mshenga hawezi kwenda ukweni na kichwa kama mchikichi.

Kinyozi mwenyewe kijana wa adabu. "Shikamoo mzee." Marahaba. Akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Kosa langu lilikuwa kuguna. Niliguna kwa sababu ya mgongo, mgongo tu, lakini yeye akadhani nagunia mechi ya Jumamosi.

"Mzee wangu, tatizo lenu mimi nalijua."

Arsenal huyo. Watu ambao ubingwa wa ligi wameuona mara ya mwisho 2004, lakini kila mmoja wao ni profesa.

Akanipitishia mashine kisogoni, mistari mitatu. "Hawa mabeki wenu watatu." Akaja juu ya sikio la kulia, akahamia la kushoto. "Hawa wa pembeni, wanapanda, wanashuka, wanapanda, wanashuka," na mashine nayo inapanda inashuka. Alipofika utosini akasimama.

"Sasa mzee, hapa katikati mna watu wangapi?"

"Wawili."

"Wenzenu wanaweka watatu. Na katika hao wawili, mmoja ni Bruno, mtu wa kupiga pasi za mwisho, mnamkabisha. Mkipokonywa mpira hapa," akanibonyeza utosi kwa kidole, "yuko nani?"

Nikanyamaza.

"Mzee, yuko nani?"

"Hakuna."

"Hakuna!" Alivyopaza sauti, aliyekuwa anasubiri zamu kwenye benchi akaacha simu. "Jumamosi Henderson wa Brentford kapiga mpira mmoja mrefu, mwenzake Thiago huyooo, yeye na kipa wenu. Dakika ya ngapi ile? Ya nane! Mtu hajakaa vizuri!"

Nikajitahidi kutunza heshima. Nikamwambia polepole, kwa sauti ileile niliyoiandaa kwa ajili ya wakwe, kwamba mfumo wa 3-4-3 unahitaji subira, na ndiyo maana kocha mwenyewe amesema hata Papa hawezi kumbadilisha. Kumbe yule wa benchi ni mwanakwaya. "Papa anaingiaje hapo?" Wakashikana. Huyu anasema kiburi, yule anasema msimamo, na kinyozi kila akitaka kuonyesha kitu anakionyesha kwenye kichwa changu. Akanipinda shingo kushoto nione 4-3-3, ile ya watu watatu katikati. Akanipinda kulia nione mshambuliaji wetu Mbeumo angechezea wapi. Mimi si mteja tena, mimi ni uwanja wa Lake Tanganyika. Akakumbushia hapohapo kwamba Mashujaa wetu wa hapa Kigoma waliitoa Simba kwa penalti Aprili 2024, "na wala hawana bilioni hata moja, mzee, nyie mnazipeleka wapi?"

Umeme ukakatika.

Nikapeleka mkono kichwani. Kisogo kimenyolewa. Pembeni kumenyolewa. Katikati msitu. Yaani palepale ambapo Man U haina mtu, mimi ndipo kumejaa.

"Jenereta?"

"Mafuta, mzee."

"Mkasi basi!"

"Mkasi ameazima fundi cherehani."

Nikauliza nadaiwa ngapi, nikitegemea atanikata nusu. "Elfu mbili, mzee. Mechi ikivunjika kiingilio hakirudi."

Nimelipa. Nina miaka 54, nimesomesha watoto watatu, na nimelipa elfu mbili kamili kwa nusu kichwa. Mwanakwaya ananiangalia kwa huruma ya Kikristo!

Ukweni baraghashia ilikataa kukaa. Ilipanda juu ya kile kichuguu kama sufuria iliyotegwa kwenye mafiga mabovu. Nikasalimia, nikasifu nyumba, nikala pilau bila kuinama. Mjomba wa binti, mtu mzima mmoja mkavu, ananitazama tu. Mwisho akaniita chini ya mwembe tuyamalize mambo ya wakubwa. Nikajiweka sawa kusikia mahari.

"Bwana mshenga," akasema, "kofia yako imekaa vibaya."

Nikaivua. Ningefanyaje? Nikamweleza yote: mistari mitatu, wa pembeni, utosi. Mzee akanyamaza muda mrefu, halafu akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Na mimi tangu Agosti naliambia hili jitu liweke watu watatu katikati."

Jamani! Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Tumempanga Bruno juu, tumemrudisha kiungo wetu kijana Mainoo, ambaye mpaka leo sielewi kwa nini hapangwi. Tumeachana kwa kukumbatiana.

Mpwa wangu amepiga simu mara tano tangu jana usiku, anauliza wametaja shilingi ngapi. Sijapokea. Mjomba wa binti yeye ameandika ujumbe mmoja tu: "Jumamosi Sunderland, saa 11. Wahi nafasi ya mbele."