Mzee Aliyesimamishwa Mapokezi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye semina katika hoteli moja ya ufukweni, Pwani hii hii yetu. Pale mapokezi, kati ya mtungi wa kuzimia moto na chungu cha maua ya plastiki, kulikuwa na kigango, nguzo ya mti wanayoisimika Wamijikenda kumkumbuka mzee aliyefariki. Si hivi vinavyochongwa kwa ajili ya watalii. Mti wake umepauka ukawa rangi ya jivu, nakshi za pembetatu zimeshuka kutoka shingoni mpaka chini, na kule chini kabisa mti una weusi wa udongo, mahali alipokuwa amezama ardhini kabla hajang'olewa. Mtu alikuwa amemtundikia kofia ya ukili kichwani. Niliitoa nikaiweka mezani, na mkono ukinitetemeka.

Mama yangu ni Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda. Kigango, jinsi nilivyofunzwa nyumbani, hakichongwi kwa kuwa fundi kapata nafasi. Anafariki mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, anazikwa, miaka inapita. Kisha anaanza kumjia mtu wa nyumbani ndotoni, analalamika kwamba amesahauliwa. Au watoto wanaugua, mvua inakataa. Ndipo fundi anatafutwa, mti mgumu usioliwa na mchwa unakatwa, mzee anasimikwa, anamwagiwa tembo la mnazi, kuku anachinjwa. Akishasimikwa haondolewi. Hata mji ukihama, yeye anaachwa palepale na jua lake na mvua yake mpaka mti uishe wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameking'oa kwa sababu anapenda sanaa ya Kiafrika, sioni mapenzi hapo. Amechukua mzee wa watu.

Na wamechukuliwa wengi. Familia moja ya Kigiriama iliibiwa viwili mwaka 1985, vya ndugu wawili, vikaja kuonekana Marekani, kila kimoja kwenye makumbusho yake. Vilirudi nyumbani 2007. Miaka ishirini na zaidi! Makumbusho ya Denver ilikuwa navyo 30, na viliporudi Nairobi mwaka 2019 watu wetu wa forodha wakadai vilipiwe ushuru wa kuingizwa nchini, kama shehena ya fanicha. Makumbusho ya Jimbo la Illinois ilirudisha vingine 37 mwaka 2023. Nawashukuru waliorudisha.

Najua nitakachojibiwa: vingine viliuzwa na vijana wa mji wenyewe. Ni kweli, na inaniuma kuliko yote. Lakini kijana mwenye njaa hana haki ya kumuuza babu wa ukoo mzima, na mnunuzi aliyefunga safari mpaka vijijini kuvitafuta alijua ananunua nini. Nitaambiwa pia kwamba kule makumbusho vilikaa pakavu, havikuoza. Sawa, havikuoza. Nani aliomba visioze?

Watu wanalichanganya jambo hili na la mavazi. Mgeni akijifunga leso sina neno naye, leso zinauzwa Biashara Street kwa yeyote mwenye pesa yake, ndiyo kazi yake. Kigango hakikutoka kwa fundi kwenda dukani.

Ila lililoninyima usingizi usiku ule si Wamarekani. Ni sisi. Tumewaita wazee hawa masanamu ya kichawi, misikitini na makanisani, miaka nenda miaka rudi, mpaka mtoto wa Kimijikenda akaona haya kusema kwao wapo. Kitu ukishakitukana mbele ya mwenyewe, mwizi hahitaji kuvunja mlango. Mimi ni Mwislamu, sikiombi kigango na sitakiomba. Lakini sihitaji kuamini anachoamini mjomba wangu ndipo nivue viatu mlangoni kwake. Makaburi ya masharifu wetu tunayapitia kwa adabu, tunashusha sauti. Hotelini pale tulikuwa watu arubaini, wengi wetu wa Pwani, na watu walijipiga picha wamemkumbatia.

Nilimwomba meneja anieleze kimetoka wapi. Akasema walikikuta humo waliponunua jengo, na kwamba wageni wanakipenda. Nikamwambia awaite wazee wa kaya, wanaotunza misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na watu wa Makumbusho ya Taifa waje wakiangalie, nikamwandikia ombi langu kwenye karatasi. Aliikunja akaitia mfukoni. Nitarudi mwezi ujao kumuuliza.

Wakati natoka, kijana wa usafi alinifuata mpaka kwenye maegesho. Ni Mchonyi, Mmijikenda pia. Aliniambia akiwa zamu ya usiku, taa zikishazimwa na wageni wamelala, hapigi deki pale kabla hajapiga hodi.