Nani atanunua hilo gari lako la wazi miaka 15 ijayo?

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukahamia Uingereza tumeingiliwa na ugonjwa mpya: kununua gari la wazi la viti viwili, la miaka ya tisini au elfu mbili mwanzoni, kisha kuwatangazia ndugu kwamba huo ni uwekezaji. Hoja hiyo nimeisikia harusini, msibani na kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi mwenyewe ninalo moja na nalipenda, kwa hiyo nisionekane nina wivu nikisema kwamba wengi wetu hatujapiga hesabu vizuri.

Nyumbani gari hutunza bei kwa sababu linafanya kazi. Toyota ya mtumba iliyotunzwa, ukiiuza baada ya miaka kadhaa, unarudisha sehemu kubwa ya pesa yako, maana spea zipo, kila fundi anaijua, na mnunuzi anataka kuiingiza barabarani kesho yake asubuhi. Huku mambo yako kinyume. Gari zima la familia, viti vitano na buti ya kutosha, linaporomoka bei mwaka hadi mwaka mpaka linaishia kwa wauza vyuma chakavu. Lakini kigari cha watu wawili kisichomeza hata mabegi mawili ya safari, kikifikia umri fulani kinaacha kushuka, na baadhi huanza kupanda. Mjomba aliponiuliza kwenye simu changu kinabeba magunia mangapi, nilicheka, lakini kwa soko la nyumbani hilo ndilo swali sahihi.

Kinachopandisha bei huku ni kumbukumbu za watu. Mazda MX-5, mojawapo ya vigari hivi vya wazi, ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, akabandika picha yake ukutani, leo amevuka 50, watoto wamehama, na pesa ya kuchezea anayo. Ndiyo maana zile za kwanza zenye taa za kuinuka, zilizotoka hadi 1997, hazipatikani tena kwa bei ya bure. Mwaka 2017 kiwanda chenyewe kilianzisha huko Japani mpango wa kuzifufua na kutengeneza upya baadhi ya spea zake. Honda S2000, iliyounganishwa kati ya 1999 na 2009, nayo ilishapaa zamani. Zilizobaki kwa mtu wa kipato cha kawaida ni MX-5 ya kizazi cha pili, BMW Z3, Toyota MR2 ya mwisho, MG F na mdogo wake TF, na Porsche Boxster ya kwanza.

Boxster hiyo inawatia watu wazimu. Bei ya kuinunua imeshuka mpaka inafanana na ya gari la kawaida, lakini bei ya kuitengeneza imebaki ya Porsche. Kuna beringi moja ya shafti ndani ya injini ambayo ikisagika, injini nzima inakwenda nayo. MG nazo zina sifa mbaya ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. Mimi ningemwelekeza mtu wetu kwenye MR2, kwa sababu injini yake ya 1ZZ-FE ni ileile ya Toyota Premio na Allion za 1.8 za kizazi cha kwanza ambazo mafundi wa nyumbani wanazifungua wakiwa wamefumba macho. Ila za mwanzo zinakula oili, na katalaiza zake ndogo za juu, za kusafisha moshi wa ekzosi, zinaweza kumomonyoka na unga wake ukavutwa ndani ya injini. Uliza kama zimeshaondolewa.

Halafu kuna kutu, na hapa ndipo wageni tunapoumia, maana tumezoea gari linalokufa kwa shokapu na injini. Huku injini inaweza kunguruma vizuri kabisa huku bodi imeoza. Barabara hunyunyizwa chumvi ya kuyeyusha barafu wakati wa baridi, na magari haya yana njia zake za kujimaliza yenyewe. Kwenye MX-5, maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye turubai la paa hupita kwenye mirija miwili nyuma ya viti na kutokea chini, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Majani yakiziba mirija hiyo, maji yanajaa ndani ya bodi chini ya milango na kuila kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba upana wa sarafu, ujue nyuma yake chuma hakipo tena. Nenda na chupa ya maji, mimina taratibu kwenye mrija, kisha piga magoti uangalie kama yanadondoka chini. Muuzaji akikukataza, nenda zako.

Jambo moja ambalo Waingereza wametuzidi ni kumbukumbu za ukaguzi. Ukiwa na namba ya gari, unaingia kwenye tovuti ya serikali bila malipo na kuona ukaguzi wake wa MOT, ule wa lazima wa kila mwaka, wa miaka mingi: limetembea maili ngapi, lilifeli kwenye nini, kutu ilitajwa lini. Nyumbani kilomita za kwenye dashibodi tunaziamini kwa rehema za Mungu.

Sasa hesabu yenyewe. Uingereza haitozi kodi ya faida ukiuza gari lako binafsi la abiria kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, na hilo ni tamu. Gari likitimiza miaka 40 linaweza pia kusamehewa kodi ya barabara. Lakini gari la mwaka 2000 litafika huko 2040. Kabla ya hapo utalipa bima, matengenezo, matairi na pengine mahali pa kulilaza, na ukiingia London na la petroli lisilofikia kiwango cha ULEZ, ukanda wa kupunguza moshi wa magari, ni pauni 12.50 kwa siku. Kwa wengi wetu faida halisi ni kulifurahia gari bila kupoteza pesa nyingi, na hilo si dogo. Ila tusiliite akiba ya uzeeni.

Tena pesa hiyo imekwama huku. Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania inaongeza ushuru wa uchakavu kwa magari makuukuu. Hata ukilifikisha, utamuuzia nani? Kumbukumbu za watu wetu ni Peugeot 504 na Datsun zilizoshinda Safari Rally miaka ya sabini. Mzee wa nyumbani mwenye pesa akitaka kuukumbuka ujana wake, atatafuta hiyo 504.

Kwa hiyo kama umeamua kuzeekea huku, nunua. Chukua lenye rangi yake ya kiwandani, redio yake, na risiti zote za matengenezo, na uwe na subira ya kutosha. Kama unarudi miaka mitano ijayo, pesa ya kiwanja usiiguse. Na vyovyote vile, nunua Desemba mvua inaponyesha na wauzaji wamekata tamaa, uuze Mei. Jirani yangu ameshaanza kuniulizia langu, na huniulizia siku za jua tu.