Pikapu ya Mwaka Ujao

Mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, wakati watu wa steji yetu ya pikapu za mizigo pale Umoja, Nairobi, wanapaswa kuwa wanapigania wateja wa kuhama, tulikuwa vichwa vitano juu ya simu moja iliyopasuka kioo, tunaangalia pikapu ambayo hakuna aliyeiona. Si mzaha. Picha ipo na gari lipo ndani ya picha, lakini limevalishwa karatasi nyeusi na nyeupe zilizojikunjakunja kama matumbo ya mbuzi, kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma. Ati ni pikapu mpya ya kupanda milima na kuvuka mito, inatoka mwaka ujao. Na sisi, ambao tukipanda tuta lazima tuangalie nyuma kama kuna kitu kimebaki barabarani, ndio tuliojiteua kuamua kama sura yake inafaa.

"Taa ni nyembamba sana," akasema Baba Shiro. Alikuwa ameivuta picha mpaka ikabaki madoa.

"Taa ziko wapi?"

"Si hizi."

"Hiyo ni namba ya gari, buda."

Mwalimu, ambaye alistaafu na sasa anashinda nasi kwa kuwa kwake wamechoka kufundishwa, akaweka kikombe cha strungi chini. Akasema ile michoro si urembo. Inapumbaza jicho lisijue bodi inaanzia wapi na inaishia wapi, ili kampuni zingine zisiibe umbo kabla ya siku ya kulionyesha. Waingereza walipaka meli zao michoro ya namna hiyo mwaka 1917, kwenye Vita vya Kwanza, ili nahodha wa nyambizi ya Wajerumani ashindwe kukadiria meli inaelekea wapi. Nikanyamaza nikaziwaza matatu za Umoja, zile zilizopakwa rangi mpaka madirishani. Kumbe ndiyo maana. Miaka yote hii nilidhani ni dereva asiyejua anaelekea wapi.

Basi ubishi ukapamba moto. Mwenye kibanda akasema itakuwa na pua ndefu. Fundi akasema haiwezi, siku hizi pua inakatwa wima kama ukuta ili gari lionekane limekasirika. Hapo kweli. Sijui nani aliwaambia wabunifu wa magari kwamba tunataka kufukuzwa na pikapu kwenye kioo cha nyuma. Zamani gari lilikuwa na taa mbili za duara na grili, likikuangalia kama shangazi anayekuuliza umekula. Toyota wenyewe wanajua: ile Land Cruiser 70 iliyotoka 1984 imekaa na umbo lilelile miaka yote, wakaja wakaibadilishia taa zikawa na pembe, halafu 2023 wakairudishia taa za duara, na watu wakashangilia kama mwana mpotevu amerudi. Miaka karibu 40 ya ubunifu, jibu likawa duara.

Lakini lalamiko langu mimi halihusu uso. Uso wa gari ni wa kuangaliwa na wale wanaolipia. Mimi naomba tu kujua, katika ofisi zote hizo za ubunifu, zenye udongo wa kufinyangia magari na kompyuta za bei ya shamba, kuna hata mtu mmoja amewahi kuhamisha nyumba?

Chukua godoro. Godoro la Mkenya aliyeoa ni sita kwa sita. Futi sita ni sentimita 183, hazina mjadala, hata Japani ni 183. Sasa nenda nyuma ya dabo kabini yoyote mpya na futi kamba yako. Nyingi zinakomea karibu mita moja na nusu. Urefu uliobaki umeliwa na kiti cha nyuma, ambacho kina kishikio cha vikombe viwili. Kwa hivyo mtu amelipa mamilioni, ana mahali pa kuweka vikombe viwili vya kahawa, na hana mahali pa kuweka godoro analolalia. Na kwenye tangazo utaona wamepakia nini huko nyuma? Baiskeli moja na mbwa. Sijawahi kumhamisha mbwa. Nimehamisha kuku kumi na wanne waliofungwa miguu, nikahamisha tangi la maji lenye maji, na mara moja, kwenda Njiru, nikahamisha jiko likiwa limewaka kwa sababu mama alikuwa amebandika maharagwe na hakutaka kupoteza gesi. Hiyo ndiyo safari ya porini. Tengenezeni tangazo.

Tena wanajisifu kuhusu maji. Ford wanasema Ranger yao inavuka kina cha milimita 800. Sawa, hongera. Sisi hatupimi kwa milimita. Ile Aprili 2024, mafuriko yalipoingia mpaka Mathare watu wakapoteza makao, nilipita mahali ambapo barabara ilikuwa imeacha kuwa barabara, na kipimo changu kilikuwa boda boda aliyenitangulia. Maji yalipomfika kifuani nikarudi nyuma. Hakuna aliyenipiga picha nikiwa na upepo kwenye nywele.

Fundi naye ana kesi yake. Yeye ni wa kunyoosha bodi, kule Grogan kwa mafundi wa magari, na anachukia mikunjo. Nikamwuliza mikunjo gani. Akanishika mkono akanipeleka kwenye mlango wa dabo kabini moja iliyokuwa imeegeshwa hapo na mwenyewe hayupo, akapitisha kidole kwenye ule mstari unaoanzia taa ya mbele na kukimbia mpaka nyuma, mkali kama pasi ya suruali ya jumuiya.

"Mkokoteni ukikupiga hapa," akasema, "mimi nitanyoosha bati, lakini huu mstari sitaupata tena. Nitajaza fila, nitapiga msasa siku nzima, nitapuliza rangi, na bado utapinda kama barabara ya Limuru."

Ndipo nikaelewa kwa nini watu walipozicheka zile pikapu za Kia, Tasman, zilipozinduliwa Jeddah Oktoba 2024, mimi sikucheka. Baadhi yake zimevalishwa juu ya tairi vipande vikubwa vyeusi visivyopakwa rangi. Watu wakasema ni sura mbaya. Jamani, hapo ndipo boda boda huparuza! Yule aliyechora hicho kipande ama amewahi kukaa kwenye foleni ya Mutindwa ama ameoa mtu wa huko.

Taa ndizo sitaki kuzungumzia kwa sababu nitapandisha presha. Wanasema hiyo ya mwaka ujao itakuwa na taa moja ndefu kutoka kona hadi kona. Vizuri sana. Maana yake mwizi atabeba moja tu badala ya kuhangaika na mbili. Mimi nimechonga namba ya gari kwenye kila kioo cha pembeni na kila taa, kama mama anavyoandika jina lake chini ya sufuria kabla ya kuipeleka matangani, na bado kioo cha kushoto nimekifunga kwa waya. Wabunifu watuwekee kioo chenye waya kutoka kiwandani. Nitalipia zaidi.

Mwalimu akasema sisi tunapinga kila kitu kipya. Akatukumbusha kuwa mwaka 1986 Rais Moi aliwataka watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama litakuwa baya, hata kama litakuwa la polepole. Wakaliunda, likaonyeshwa 1990, likaitwa Nyayo Pioneer. Hiyo, alisema Mwalimu, ndiyo ilikuwa nia. Nikamwambia la kwangu ni baya na ni la polepole, na halikuhitaji chuo kikuu.

"Na la Elon Musk je?" mwenye kibanda akauliza. "Lile la kama kabati?"

Lile, Cybertruck ya kampuni yake ya Tesla, ni la chuma kisichopata kutu, halina rangi, limekatwa kwa rula. 2019 walilionyesha kule California, wakarusha tufe la chuma kwenye dirisha lisilovunjika, likavunjika. Wakajaribu la pili. Likavunjika. Hapo ndipo nilipompenda yule mtu, kwa sababu mimi pia ningejaribu la pili.

Tukiwa bado hapo, mwenye ile dabo kabini akarudi. Kijana, viatu vyeupe, nyuma yake dada mmoja amebeba feni na uso wa mtu aliyehama tangu saa kumi na moja alfajiri. Kumbe yule kijana ni binamu yake, alikuwa amejitolea kumhamisha bure mpaka Githurai. Walikuwa wamejaribu godoro kwa urefu, kwa upana, kwa kulikunja na kulikalia.

"Baba, unaenda Githurai?" dada akaniuliza.

"Elfu tatu na mia tano."

"Elfu tatu."

"Twende."

Nikapakia. Godoro lililala chali, mlango wa nyuma ukafungwa, na pembeni bado nikapata mahali pa meza, mtungi wa gesi na sofa. Sikusema kitu. Nilipiga tu mlango ule mara mbili kwa kiganja, taratibu, binamu akiwa amesimama karibu.

Mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa Kangundo Road, nikatoa turubai. Turubai langu nilishonewa kutoka kwa mabango ya kampeni za 2022. Upande mmoja kuna nusu ya uso wa mtu aliyewania udiwani, upande wa pili kuna meno tu ya mwingine, na katikati limeandikwa TUNAWE, mengine yakaliwa na mshono. Nikafunika mzigo wote mpaka juu ya kabini, maana paa linavuja, nikafunga kamba mpaka kwenye bampa, kwa kuwa ndoano zilikatika zamani. Nikaacha kioo cha mbele tu na mahali pa kutolea mkono.

Sasa gari langu haliwaki kwa ufunguo peke yake. Linataka ufunguo na watu. Fundi akasukuma, Baba Shiro akasukuma, Mwalimu akahesabu moja, mbili, tatu, na binamu, sijui nani alimwambia, akaja akaweka mabega kwa nyuma na vile viatu vyake vyeupe vikaingia kwenye dimbwi mpaka kwenye kamba. Likakohoa. Likawaka. Moshi ukawaficha wote wanne.

Tulipofika Outering, foleni ya Allsops ilikuwa imesimama. Boda boda mmoja akanikaribia dirishani, akatuangalia kutoka bampa hadi nyuma, akashusha kofia yake, akatoa simu, akatupiga picha mbili.

"Mzee," akasema, "hii ni pikapu gani mmeifunika hivi?"

Nikamtazama dada. Dada akakumbatia feni yake, akaangalia mbele.

"Zima hiyo simu," nikamwambia kijana. "Inatoka mwaka ujao."