Hata Mnyonya Damu Husimama Mlangoni

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye mkutano wa harusi ya binamu yangu. Mwenyekiti alikuwa anahangaika kukamua ahadi za michango, na mimi, ambaye ahadi yangu nilishatoa, nilikuwa na simu yangu chini ya meza. Jirani akachungulia, akatangaza: "Baba mzima na ndevu zake, anatazama wanyonya damu!" Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa, akasema hivyo ndivyo mapepo yanavyoingia nyumbani.

Mzee wangu, shikamoo, lakini tamthilia nzima inahusu jinsi yasivyoingia.

Sikuitafuta mimi. Kijana wa laibrari ya filamu pale stendi alinijazia nafasi iliyobaki kwenye flashi na misimu ya The Vampire Diaries, bure kabisa, kama mama wa sokoni anavyotupia nyanya mbili za nyongeza. Nilikuwa nimekwenda kumchukulia mke wangu tamthilia ya Kituruki. Nikapanga kuifuta. Kisha usiku mmoja umeme ukarudi wakati usingizi umeshakata, nikabonyeza tu. Basi.

Niseme mabaya yake kwanza, maana nawajua, mtaniandikia. Stefan, mmoja wa ndugu wawili wa hadithi, aligeuzwa mnyonya damu mwaka 1864, na bado anajiandikisha sekondari kwenye mji wao wa Mystic Falls. Karne na nusu duniani, mtu anarudi kukaa kwenye dawati! Karo analipa nani? Vipindi ni 171, na sehemu kubwa ni ndugu wawili wanaomgombania msichana mmoja. Kwetu Uganda masenga, mashangazi wa ukoo, wangekaa kikao kimoja, mambo yakaisha kabla msimu wa kwanza haujafika nusu.

Lakini kuna ile sheria moja. Mnyonya damu haingii kwenye nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Anazo nguvu za kung'oa mlango pamoja na kichwa cha aliyejificha nyuma yake, ila kizingiti hakivuki. Atabembeleza, atadanganya, atatishia, atakesha nje. Bila neno la mwenye nyumba, mguu haupiti.

Msimu wa pili ndipo waliponimaliza. Ndugu Salvatore, yaani Stefan na Damon, wote wanyonya damu, wana adui ambaye hawamwezi kwa ngumi, basi wanaiandikisha nyumba yao kwa jina la Elena, yule msichana wanayemgombania, binadamu wa kawaida. Hati inasainiwa. Kuanzia hapo wao wenyewe wamesimama nje ya mlango wao, wanangoja. Elena anamkaribisha Stefan. Damon, yule mtundu, anaingia baada ya kukubali masharti ya mwenye nyumba. Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Hati ya nyumba, jamani! Karatasi na wino, na muuaji aliyeishi zaidi ya miaka mia anaiheshimu.

Shangazi yangu ana kibanja Wakiso, yaani anakaa kihalali kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Yuko hapo tangu mimi sijazaliwa. Busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka, analipa, risiti anazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, zile za zamani wino umefifia mpaka uzielekeze dirishani ndipo uzisome. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2010, inasema mtu kama yeye haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu. Siku watu wa kumwondoa walipokuja, hodi hawakupiga. Walikuja na nguzo, mabati na vijana wenye mapanga. Kufika saa sita mchana migomba ilikuwa imelala chini na mikungu yake michanga, na ua wa mabati umelikata jiko likabaki upande wa pili. Aliyewatuma alikuwa na hati yake, mpya, mhuri unang'aa. Shangazi akatoa mfuko wake wa risiti. Kijana mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, sisi tumetumwa tu." Kesi bado inapigwa tarehe.

Sasa mzee wa kanisa aniambie tena mapepo ni yapi.

Ndiyo maana nilipomaliza ile nikaingia Game of Thrones bila kusukumwa, mimi niliyekuwa nawacheka watu wa majoka. Majoka sawa, yanapendeza. Kilichonishika ni mkate na chumvi. Kule ukishamlisha mgeni chini ya paa lako, humgusi, awe adui wa namna gani. Robb Stark alikuwa ameahidi kuoa binti wa Walder Frey, akavunja ahadi akaoa aliyempenda (Mganda yeyote aliyehudhuria kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, anajua uzito wa hapo). Anakwenda kwa Frey kuomba radhi, anapewa mkate na chumvi, anakaa. Halafu milango inafungwa, wapiga muziki wanabadilisha wimbo, na mama yake anavuta mkono wa shati la Roose Bolton, mshirika wao, anakuta chini yake vazi la chuma la vita. Ilitoka 2013 na mimi nimechelewa miaka yote hiyo, lakini nilikaa gizani na chai ikapoa. Na hadithi hailisahau jambo lile. Nyumba ya Frey inakuja kulipa, kwa mvinyo wenye sumu, mezani pao wenyewe.

Mniambie hizo ni ndoto za wazungu. Haya. Wazee wa Buganda walipofanya omukago, undugu wa kuchanjiana damu, walichanja ngozi ya tumbo, wakapaka damu kwenye buni, kila mmoja akatafuna ya mwenzake, na tangu hapo nyumba ya huyu ikawa nyumba ya yule. Walionja damu ili wasidhuriane. Ukimweleza Damon hilo atatoa daftari.

Mwisho wa Game of Thrones wa 2019 sitautetea, waliharakisha kama wanawahi basi la mwisho la Mbale. Na mwandishi wa vitabu ilikotoka alitoa cha tano mwaka 2011, cha sita mpaka leo tunakisubiri. Hilo nalo ni ukorofi.

Kijana wa laibrari sasa ananisukumia ile ya ukoo wa Targaryen iliyoanza 2022, ndugu kwa ndugu wanauana kwa ajili ya kiti. Anasema itanishtua. Mimi ni wa nchi ambako mwaka 1888 peke yake ufalme wa Buganda ulimwona Kabaka Mwanga akipinduliwa, Kiwewa akatawazwa, naye akapinduliwa, akaingia Kalema. Aipakie tu.