Gari Linalochemka Likikata Kushoto

Nilimwamkia mzee, lakini hata "marahaba" yake ilitoka nusu. "Fundi, gari yangu haina tatizo lolote. Ila ikikata kushoto inachemka."

Kwenye umeme wa magari tumezoea vituko. Kuna gari linalopiga honi lenyewe ukikata usukani, na kuna lenye redio inayozimika ukikanyaga breki. Hili la kuchemka kwa kona lilikuwa jipya. Nikamwuliza, je, kona ya kulia? "Kulia poa kabisa. Nimekwenda nalo Tanga na kurudi, nimelisoma vizuri."

Mkewe alikuwa bado amekaa kiti cha mbele, jasho likimtiririka, anajipepea na kadi ya gari. Hita ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Mchana wa Februari, Dar es Salaam. Mama alinitazama bila kusema neno, nami nikaelewa kwamba maneno aliyamaliza tangu Chalinze.

Nimtetee mzee hapo kidogo: hita si wazimu. Ndani yake kuna rejeta ndogo inayopitisha maji ya injini, hivyo gari likichemka kweli, kufungua hita yote pamoja na feni yake kunapunguza joto mpaka upate pa kusimama. Kasoro ni kwamba gari hili halikuwa linachemka.

Hadithi ilianza na geji. Gari lake, kama magari mengi madogo ya Kijapani, halina mshale wa joto. Lina kitaa cha buluu cha injini baridi na chekundu cha kukuambia umechelewa. Hata penye mshale, mingi hutulizwa makusudi na kompyuta: hukaa katikati iwe nyuzi 80 au 100, na ukiuona umeamka, silinda hedi, kile kichwa cha injini, nayo iko njiani kupinda. Kwa hiyo mzee kununua geji ya tarakimu lilikuwa jambo la akili. Kijana mmoja akamfungia, king'ora kikapangwa kipige kelele ikifika nyuzi 105.

Kijana huyo hakuwa mbumbumbu, na kazi ya mabomba niliipenda. Sensa, kile kipimajoto cha geji, aliipachika kwenye adapta ya bomba, ile yenye tundu la uzi wa skrubu wa moja ya nane ya inchi, katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Kipenyo alikipima kwa kalipa kwanza, kwa sababu adapta hizi zina milimita 28, 30, 32 na kuendelea, na ukikosea kwa saizi moja utakaza klempu mpaka zikatike huku maji yanadondoka. Kipande kifupi cha mpira alikitoa ili bomba lisijikunje kuelekea kwenye feni. Tepu ya uzi ilizungushwa kidogo, nyuzi za mwanzo zikaachwa wazi. Alikumbuka hata lile ambalo wengi husahau: adapta imekaa kati ya vipande viwili vya raba, na raba haipitishi umeme. Sensa ya waya mmoja hutegemea mwili wake kupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa hiyo adapta lazima ivutiwe waya wake hadi kwenye injini. Usipovuta, geji itakuonyesha baridi hata injini ikitoa moshi.

Umeme wa geji nao ulipita kwenye fyuzi ya ampea 3. Kilichobaki ni waya mmoja tu, mweusi, ethi ya geji yenyewe. Huo alichoka nao. Badala ya kuupeleka pamoja na ule wa adapta, aliupitisha ukuta wa injini na kuufunga kwenye bolti ya kwanza aliyoiona, mbele kushoto, karibu na taa.

Safari ya Tanga ndipo ilipokuwa tamu. Ukitoka Dar, Chalinze unakata kulia. Segera unakata tena kulia. Mzee alifika Tanga na nyuzi 88, anaisifu geji kwa kila aliyekutana naye. Kurudi, ramani ikageuka: Segera kushoto, Chalinze kushoto. Pale Segera alipowasha tu indiketa, namba zikaanza kuruka: 88, 95, 88, 95, sambamba na tik-tak ya indiketa. Akaogopa, akaamua kuegesha. Kuegesha ni kushoto. Akaiacha indiketa, akawasha hazadi, yaani indiketa zote za kulia na kushoto, kama dereva mwenye adabu, akazima injini na kurudisha ufunguo ili aangalie geji. Injini imelala, geji inaruka.

"Nikajua joto limenasa ndani," aliniambia.

Giza likaingia njiani. Alipowasha taa kubwa, geji ikasoma 112 na king'ora kikaanza kulia. Akizima taa, kimya. Akiwasha, king'ora. Kwa hiyo mzee wa watu akawa anachagua kati ya kuona barabara na kuokoa injini, mpaka mama akaamua kwa niaba ya wote wawili kwamba wanalala Chalinze. Asubuhi wakaendelea, hita wazi.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita gereji nyingine. Huko walimuuzia mfuniko mpya wa rejeta, wakaosha rejeta, wakamuunganishia feni moja kwa moja "maana haiwaki hata kwenye 112", kisha wakang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kila kitu kilibadilishwa isipokuwa kibovu. Na kule kutowaka kwa feni ndiko kulikokuwa ushahidi mkubwa: feni ya umeme kwa kawaida huwaka maji yakipita nyuzi tisini na kitu, nayo husikiliza sensa ya kiwandani, si geji ya dukani. Geji ikisema 112 na feni imekaa kimya, mmoja wao anadanganya, na mara nyingi ni yule mgeni. Hata hiyo 112 ingekuwa ya kweli, maji yasingechemka: mfuniko mzima wa presha ya baa 1.1 unayazuia mpaka karibu nyuzi 120.

Nilichukua mita, nikaiweka kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ile bolti ya kushoto. Nikamwomba mzee awashe indiketa ya kushoto. Volti 0.16, inakuja na kuondoka. Taa kubwa: 0.47. Indiketa ya kulia: sifuri, kama alivyosema, gari alilisoma kweli. Ethi nzuri haipaswi kuvuka volti 0.1 hivi mzigo ukiwa umewashwa.

Bolti ilikuwa na kutu juu na rangi chini. Taa zote za mbele kushoto zilipitisha umeme wake hapo. Balbu ya indiketa ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, ya taa kubwa ya wati 55 huvuta zaidi ya 4.5. Umeme huo ukikwama kwenye kutu, ethi ya geji inainuka, wakati ethi ya sensa imetulia kwenye injini. Sensa za namna hii hupunguza ukinzani zikipata moto, na geji husoma volti inayobaki kwenye sensa: ikiwa ndogo, injini ina joto. Ethi ya geji ikipanda, volti hiyo inaonekana imepungua. Geji inaapa kwamba maji yamechemka.

Nilihamisha waya mweusi ukae bolti moja na waya wa adapta kwenye injini, nikapiga msasa ile bolti ya taa mpaka chuma king'ae, nikaweka washa ya meno na kupaka grisi juu. Mita ikasoma 0.02.

Tukaenda kuzunguka. Geji ikatulia kwenye 66. "Sasa imekufa kabisa, haipandi!" mzee akalalamika. Haikufa. Bila thamostati na feni ikizunguka muda wote, injini haifiki joto lake. Inakula mafuta mengi, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Nikarudisha thamostati ya nyuzi 82 na gasketi yake mpya, nikarudisha nyaya za feni, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, mfuniko wazi, hita kwenye moto, mpaka mapovu yakaisha. Geji ikapanda hadi 89. Mzee akashika kitasa cha mlango, tayari kuruka.

Ikaja hesabu. Akauliza kifaa kibovu kilikuwa kipi, nikamwonyesha bolti.

"Hii ni mpya?"

"Ni ile ile, mzee. Nimeisugua."

Akasema kusugua hakulipiwi, alikwishalipia kuoshwa kwa rejeta. Mama ndiye aliyefungua pochi. Akahesabu pesa, kisha akauliza kama kile kipande cha msasa kilichobaki kinauzwa, ana mtu wa kumsugua nyumbani.