Kufunga Ardhi Ili Ipone: Gharama Inaangukia kwa Nani?

Katika vijiji vingi vya nyanda kame za Tanzania, hoja ya kuhifadhi ardhi huingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji ikiwa na sura ileile: makorongo yameanza kula mashamba, chemchemi imepungua, kuni zinafuatwa mbali, na pendekezo lililopo ni kufunga sehemu ya ardhi ya kijiji kwa miaka kadhaa, mtu asichunge, asilime wala asikate mti humo. Wachache hubisha kwamba ardhi iliyopumzishwa hupona. Mabishano makali huwa juu ya nani mwenye haki ya kuifunga, kwa nguvu gani, na nani atakayekosa maziwa, mboga au kuni wakati majani yanaota upya. Nchi hii imekwisha kulijibu swali hilo kwa njia zinazopingana, na matokeo yake yanatosha kupimwa bila kukisia.

Njia ya kwanza ni ya Kondoa. Milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko kwa miongo mingi kabla ya uhuru, na serikali ya kikoloni ilijaribu kuizuia hali hiyo bila mafanikio ya kudumu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Miaka yake ya mwanzo ilitumika kuchimba makinga maji kwa mitambo na kupanda miti, lakini kazi hiyo ilikuwa na mipaka yake maadamu mifugo iliendelea kukanyaga na kula kila kilichochipua. Ndipo mwaka 1979 ukatolewa uamuzi ambao haujasahaulika Kondoa hadi leo: mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256. Inakadiriwa kuwa wanyama karibu 90,000 walihamishwa. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa Mvumi.

Kwa upande wa ardhi, matokeo yalionekana upesi. Nyasi na vichaka vilifunika miteremko iliyokuwa mitupu, kasi ya maji ya mvua ikapungua, na mito ya mchanga iliyokuwa ikitanuka kila masika ikaanza kushikwa na mimea kingoni, kiasi kwamba wakulima waliweza kulima mahali palipokuwa mchanga mtupu. Anayetetea njia hii ana hoja nzito, na si haki kumwona kuwa ni mpenda amri tu. Pale malisho yanapokuwa ya wote, kaya moja haiwezi kuyapumzisha peke yake, kwa kuwa nyasi itakazoziacha zitaliwa na ng'ombe wa jirani. Udongo ukishaondoka mlimani haurudi katika uhai wa aliyeupoteza. Kusubiri hadi kila mtu aridhike, wakati kila msimu wa mvua unachimba korongo zaidi, nako ni kuchagua, na gharama ya uchaguzi huo hulipwa na watoto ambao hawakuhudhuria mkutano wowote.

Hata hivyo, hesabu ya Kondoa haikamiliki kwa kutazama nyasi. Ng'ombe walipoondoka, waliondoka pia na samadi iliyorutubisha mashamba, maziwa ya watoto, nguvu ya kukokota jembe, na akiba ambayo kaya huiuza mtoto anapougua au anapotakiwa ada. Waliokuwa na ndugu nje ya mpaka wa eneo lililofungwa waliwakabidhi ng'ombe wao huko wakaendelea kuwa wafugaji. Aliyekuwa na mbuzi wachache na asiye na pa kuwapeleka alibaki na kuuza. Mifugo iliyohamishwa haikuacha kula, kwa hiyo mzigo uliotoka katika milima ya Irangi ulitua katika tambarare za jirani, ambazo hazikuwa ndani ya ramani ya mradi na hazikuingia katika taarifa za mafanikio yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe walipoanza kurudishwa, safari hii wakifugwa bandani na kukatiwa majani, utaratibu uliorudisha maziwa na samadi lakini ukaongeza kazi ya kila siku ya kukata, kubeba na kuchota maji. Laiti utaratibu huo ungetangulia, au walau ungekwenda sambamba na uhamishaji, miaka kumi ya kukosa isingekuwa mirefu kiasi kile kwa maskini.

Kuna pia upande wa amri ambao watetezi wake huupita haraka mno, nao ni kwamba anayeamuru anaweza kuwa amekosea kuhusu udongo wenyewe. Milima ya Uluguru inatoa ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ya miteremko. Kazi ilikuwa nzito, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la kitaalamu: tabaka la juu lenye rutuba katika sehemu kubwa ya milima hiyo ni jembamba, na kuchimba ngazi kulilifukia huku kukiibua udongo mfu wa chini. Mkulima aliyetii alivuna kidogo kuliko jirani aliyekaidi. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Wakati huohuo, upande wa kusini katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima miteremko mikali kwa ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa kama masega, ambayo huyanasa maji ya mvua na kuozesha majani ndani ya kingo zake. Hakuna afisa aliyewaamuru. Sisemi kwamba kila jambo la wenyeji ni sahihi. Nasema kwamba aliyeishi na mteremko mmoja kwa vizazi kadhaa ana maarifa juu yake ambayo mpimaji aliyefika juzi hana, na amri huyafungia nje maarifa hayo kwa sababu haina mahali pa kuyapokelea.

Njia ya pili ni ya Shinyanga. Misitu ya nchi ya Wasukuma ilifyekwa kwa makusudi tangu enzi ya ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye makazi yao na kuvuruga taratibu zao za malisho. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere aliutembelea mkoa huo akaona jinsi ulivyokuwa ukielekea kuwa jangwa, na miaka miwili baadaye mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanza. Nao ulianza kwa mtindo uliozoeleka, yaani vitalu vya miche, miti ya kigeni na hamasa ya kupanda. Ila hapa kulitokea jambo ambalo mwanzoni halikuwa kiini cha mpango: mradi uligeukia ngitili. Huo ni utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa kutenga eneo wakati wa mvua ili nyasi zake ziliwe katika kilele cha kiangazi, hasa na ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wa maksai. Ilibainika kwamba katika maeneo yaliyoonekana matupu, visiki na mizizi ya miti ya asili bado vilikuwa hai chini ya ardhi, na kilichohitajika zaidi ni kuviacha vichipue.

Takwimu za Shinyanga zimetajwa mara nyingi, na zinastahili. Mradi ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mipaka ilikubaliwa katika dagashida, baraza la jadi, na kulindwa na sungusungu, ambao mamlaka yao yalitoka kwa watu waliofahamiana nao. Tathmini iliyotolewa mwaka 2005 ilikadiria thamani ya mazao ya ngitili, zikiwemo kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa na malisho, kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Ngitili ziliongezeka kwa sababu watu walikula matunda yake, na kwa sababu kanuni zake zilikuwa katika lugha na mazoea yao.

Ushahidi kama huo umetoka Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipotaka kuugeuza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye hekta zipatazo 9,000, kuwa hifadhi ya serikali kuu, wanavijiji waliokuwa karibu kuupoteza walikuwa na kila sababu ya kuchukua walichoweza kabla haujafungwa. Mwaka 1994 mpango huo ulipogeuzwa na vijiji vinane vinavyouzunguka vikakabidhiwa usimamizi, vilitunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao, na uharibifu ukapungua. Uzoefu huo ulisaidia kufungua mlango wa usimamizi shirikishi uliokuja kutambuliwa katika Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kutangaza kwamba kijiji kimeshinda, lakini Shinyanga yenyewe inakataza. Sehemu kubwa ya ngitili ni za kaya, na kaya yenye ardhi pana na ng'ombe wengi ndiyo yenye uwezo wa kutenga eka nyingi na kuzilinda. Ngitili inapopata thamani, mwenye nayo hukodisha malisho na kuuza nyasi au kuni, na ardhi iliyokuwa wazi kwa kila mtu hupata mwenyewe. Mjane asiye na ngitili, aliyezoea kuokota kuni popote, hujikuta akiomba ruhusa au akinunua. Katika ngitili za kijiji, wanaopanga siku ya kufungua malisho mara nyingi ni wanaume wenye mifugo, ilhali wanaotafuta kuni na maji ni wanawake. Mila inaweza kumnyima mtu kwa upole ambao hautoi kelele, na hilo ni tatizo hasa kwa sababu hakuna ghasia zitakazolifichua.

Kijiji pia hakiwezi peke yake kutatua kila jambo. Maji hayafuati mipaka ya kijiji. Anayelima kando ya chanzo cha mto anavuna yeye, na anayekauka ni wa bondeni ambaye hapigi kura katika mkutano ule wa juu. Kwa sababu hiyo naona Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vingine vya maji, ina msingi wa haki, na kwamba serikali kulazimisha katika eneo hilo dogo kunatetewa kwa hoja ambazo haziwezi kutetea kufungwa kwa tarafa nzima.

Lakini hata hapo utekelezaji hupimwa na yaleyale ya Kondoa. Katika Iringa na Njombe, vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, ndivyo vinavyolisha kaya nyingi kati ya mvua moja na nyingine na kulipia sare na madaftari. Mita 60 zikipimwa kwa kamba pande zote mbili za kijito, baadhi ya familia hupoteza kinyungu chote, na mara nyingi ni zile zisizo na shamba la kutosha mlimani. Wanaonufaika na maji yaliyohifadhiwa, wakiwemo wenye mashamba ya umwagiliaji na miji iliyoko chini, hawatozwi chochote kwa ajili ya familia hizo.

Mimi naegemea upande wa kijiji, na sababu yangu ni kwamba kanuni inayotungwa na watakaoishi nayo inaweza kurekebishwa msimu unaofuata, ilhali amri ya mwaka 1979 ilihitaji takriban miaka kumi kukiri kwamba watu wanahitaji maziwa. Hata hivyo siungi mkono kijiji kuachiwa kalamu tupu. Sheria ndogo ya uhifadhi hupita katika halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu kabla ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na katika hatua hiyo ya wilaya mara nyingi kinachotazamwa ni kiwango cha faini na kama kinakubaliana na sheria mama. Wilaya ingeweza kudai zaidi: sheria itaje kaya zitakazopoteza malisho au bustani na kila moja inapewa nini badala yake, itaje mwaka ambao eneo litafunguliwa na kwa kiasi gani, itenge siku za kuokota kuni kwa wasio na ngitili, na ioneshe kwamba vijiji jirani vimeulizwa kuhusu mifugo itakayowahamia. Sheria ndogo ambayo haina majibu hayo ingefaa irudishwe kijijini kabla ya kugongwa muhuri, hata kama miche iko tayari kitaluni na mvua imekaribia.