Denver Broncos na Msako wa Kwotabeki: Kununua Nyota au Kulea Chipukizi?

Kwotabeki Peyton Manning alistaafu Machi 2016, mwezi mmoja tu baada ya Denver Broncos, klabu ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani, kuifunga Carolina Panthers 24–10 na kutwaa Super Bowl ya 50, yaani fainali ya ligi hiyo. Kwa miaka minane iliyofuata klabu hiyo haikupata kwotabeki wa kudumu. Kina Trevor Siemian, Paxton Lynch, Case Keenum, Joe Flacco, Drew Lock na Teddy Bridgewater walipewa nafasi hiyo mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeifanya kuwa yake. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde mbili tatu, kama atamkabidhi mwenzake, ataurusha au atakimbia nao mwenyewe. Anayedhani kwamba mchezaji yeyote hodari anaweza kuziba pengo hilo aitazame mechi ya tarehe 29 Novemba 2020 dhidi ya New Orleans Saints, ambapo makwotabeki wote wa Denver walizuiwa kucheza kwa sababu ya kanuni za Korona, akaingizwa Kendall Hinton, mpokeaji wa pasi aliyekuwa katika kikosi cha mazoezi. Alirusha pasi tisa, moja tu ikamfikia mwenzake, mbili zikanaswa na wapinzani, na Denver ikalala 31–3.

Kwa kuwa Bo Nix, kijana kutoka Chuo Kikuu cha Oregon aliyechukuliwa mwaka 2024 katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi hupokezana kuchagua wachezaji wa vyuo, aliifikisha timu kwenye hatua ya mtoano katika msimu wake wa kwanza, wapo wanaosema mjadala umekwisha: achana na nyota wa kununuliwa, lea chipukizi wako. Ninakubaliana nao kwa sehemu, lakini historia ya klabu hiyohiyo inawapinga vikali.

Manning mwenyewe alitoka nje. Indianapolis Colts walimwachia Machi 2012, baada ya kukosa msimu mzima kwa sababu ya upasuaji wa shingo, na timu nyingi zilikuwa na haki ya kumwogopa. Denver ilimchukua, na mwaka 2013 akarusha pasi 55 za tachidauni, yaani pasi zinazozaa bao kwenye eneo la mwisho la wapinzani, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Hata John Elway, kiongozi wa klabu aliyemleta, naye kwotabeki wa zamani wa Denver, aliteuliwa na Baltimore Colts mwaka 1983 na kufika Denver kwa njia ya kubadilishana wachezaji. Tom Brady alihamia Tampa Bay mwaka 2020 na Matthew Stafford akaenda Los Angeles Rams mwaka 2021, na kila mmoja alitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza huko. Kwa hiyo uamuzi wa Denver wa kumfuata Russell Wilson Machi 2022 haukuwa wa kipuuzi. Huyu ndiye aliyeiongoza Seattle Seahawks kuwachapa Broncos haohao 43–8 katika Super Bowl ya Februari 2014.

Kilichoniudhi ni bei, na zaidi ya bei, mpangilio wa maamuzi. Seattle ilipewa nafasi mbili za uteuzi za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano, pamoja na wachezaji watatu. Kisha, kabla Wilson hajacheza mechi hata moja ya ligi, akaongezewa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya karibu dola milioni 245. Mechi ya kwanza ilichezwa Seattle. Denver ilikuwa nyuma 17–16, muda unayoyoma, zikihitajika yadi tano kuendeleza shambulizi. Kocha Nathaniel Hackett aliziacha sekunde zipite, akamtoa uwanjani Wilson na kumwita mpigaji ajaribu mkwaju wa yadi 64 wa kuleta pointi tatu, ambao ulikosa. Klabu ilikuwa imemlipa mtu fedha zote hizo kwa ajili ya dakika kama ile, na kocha wake hakumwamini nayo. Hackett alifukuzwa kabla msimu haujaisha. Mwaka uliofuata akaja Sean Payton, akarithi kwotabeki ambaye hakumchagua, na Machi 2024 Wilson akaachwa huku dola milioni 85 zikiendelea kuhesabiwa kwa misimu miwili katika ukomo wa mishahara wa timu, yaani kiasi cha juu ambacho ligi inairuhusu kutumia kwa wachezaji.

Ukilinganisha, mkataba wote wa Nix wa miaka minne, wa takribani dola milioni 18.6, haufikii nusu ya wastani wa mwaka mmoja wa nyongeza ile ya Wilson. Hoja ya fedha ni nzito, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu Lynch naye aliteuliwa raundi ya kwanza, mwaka 2016, akaanza mechi nne tu kabla ya kuachwa. Kocha aliyempokea, Gary Kubiak, aliondoka baada ya msimu mmoja. Kati ya Kubiak na Payton walipita makocha wakuu watatu, na kila mmoja alikuja na mfumo wake.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya Nix. Payton alimteua akiwa wa 12 kwa jumla, kwotabeki wa sita kuchukuliwa, na wachambuzi kadhaa walisema amewahishwa mno. Kocha alitaka mtu aliyekomaa katika pasi za haraka, na Nix alikuwa ameanza mechi 61 za chuo. Katika mechi zake mbili za kwanza pasi nne zilinaswa, timu ikafungwa zote mbili, lakini hakuwekwa benchi. Alimaliza msimu na tachidauni 29 za pasi, timu ikashinda mechi 10 na kupoteza 7.

Kwa timu inayoanza msako leo, ningeshauri kocha apatikane kwanza, kisha chipukizi apewe kipaumbele, kwa kuwa kosa la Lynch liligharimu nafasi moja ya raundi ya kwanza na kosa la Wilson liliwafungia Denver milango kwa miaka. Nyota wa kununuliwa anafaa pale ambapo kikosi kimekamilika na kocha mwenyewe ndiye anayemtaka. Wala unafuu wa chipukizi haudumu: kanuni za ligi zinaruhusu mkataba mpya baada ya msimu wa tatu, na hapo Denver italazimika kumpima Nix kwa bei ya nyota, ikijiuliza pia kama Payton atabaki muda wa kutosha kuuhalalisha mkataba huo.